Ngoma, Tamasha au Ludi: Shahidi na Mtazamaji katika Imbalu ya Mutoto na Bigwala ya Busoga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna wahakiki wa Kiswahili wanavyoyapima maonyesho yanayotendeka ndani ya ada za dini, za ukoo na za ufalme. Yanachukua mifano miwili ya mashariki mwa Uganda, yaani imbalu ya Wamasaaba na bigwala ya Wasoga, na kuilinganisha na ludi za Roma ya kale, ambazo michezo yake ya jukwaani ilikuwa sehemu ya ibada ya dola. Hoja inayojengwa ni kwamba kigezo cha mtazamaji, tulichokirithi tangu miaka ya 1970, hakitoshi. Katika ada, anayehudhuria ni shahidi, na tendo linaweza kubatilika kabisa badala ya kuharibika tu. Makala yanaonyesha pia kwamba neno la Kiswahili linalochaguliwa kuitajia ada, liwe tamasha au ngoma, huamua ni nani anayeulizwa na ni nani anayelipwa.

1. Utangulizi

Katika mwezi wa Agosti wa mwaka shufwa, uwanja wa Mutoto ulio kando ya mji wa Mbale hujaa watu waliofika kwa ajili ya ufunguzi wa imbalu, ada ya tohara ya Wamasaaba. Mara ya mwisho nilipofika hapo, nikitokea Buwenge katika Wilaya ya Jinja kwa njia ya Iganga na Tirinyi, mtangazaji aliyeshika kipaza sauti alikuwa akichanganya Lumasaaba, Kiingereza na Kiswahili. Kwa Kiswahili aliwashukuru “watazamaji” kwa kuja kwa wingi kwenye “tamasha”. Mzee aliyeketi kando yangu, ambaye Kiswahili alikijua vyema kwa kuwa alifanya kazi miaka mingi upande wa Bungoma, alininong’oneza kwamba yeye hakuja kutazama. Sikumwuliza zaidi, maana vijana walikuwa wameanza kuingia uwanjani. Makala haya ni jaribio la kumwuliza.

Swali lake si la istilahi tupu. Uganda iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo hati zinazohusu ada za watu wetu zitaandikwa kwa Kiswahili kwa wingi kuliko zamani, na watakaoziandika watatumia maneno ambayo sisi wahakiki tumewapa. Nachelea kwamba tumewapa maneno yasiyotosha.

2. Vigezo vinne na kilichoachwa nje

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipochapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, walikuwa wakijibu shutuma nzito. Wataalamu wa Magharibi, na Ruth Finnegan miongoni mwao katika kitabu chake cha 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, walikuwa wametia shaka kama Waafrika walikuwa na drama hata kidogo kwa maana iliyozoeleka Ulaya. Jibu la Muhando na Balisidya lilikuwa la kijasiri: waliipanua dhana yenyewe, wakaiita sanaa za maonyesho, na kuingiza ndani yake ngoma, utambaji wa hadithi, jando, unyago na matambiko. Ili tendo lihesabiwe kuwa sanaa ya maonyesho lilihitaji mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji.

Vigezo hivyo vimetufaa kwa karibu nusu karne, na sikusudii kuvibeza. Kila mwanafunzi wa fasihi kutoka Dar es Salaam hadi Kampala amevikariri. Hata hivyo, vinapoelekezwa kwenye ada, kigezo cha nne kinaleta tatizo ambalo waasisi wake hawakulishughulikia. Kinachukulia kwamba tendo hufanywa kwa ajili ya wale wanaolitazama. Katika ukumbi wa michezo, dai hilo halina ubishi. Katika ada, linaficha jambo lililo muhimu kuliko yote, yaani nani anadaiwa tendo hilo, na linatendwa mbele ya nani.

Naamini tatizo hili linaonekana vizuri zaidi tukitoka nje ya Afrika kwanza. Tukianzia Mutoto, tutaambiwa kwamba hali hiyo ni ya pekee kwa “jamii za jadi”, kana kwamba ustaarabu ulioizaa tamthilia ya Ulaya ulikuwa na hali nyingine. Haikuwa hivyo.

3. Mzee aliyeendelea kucheza

Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 364 K.K. Roma ilipatwa na tauni. Dawa hazikufaa, na karamu waliyoandaliwa miungu haikuiondoa. Ndipo Warumi, miongoni mwa njia za kuituliza ghadhabu ya mbinguni, walipoingiza michezo ya jukwaani, jambo geni kwa watu wa vita waliozoea mashindano ya farasi tu. Waliita wachezaji kutoka Etruria, wakacheza kwa kufuata zumari, bila wimbo na bila kuigiza kisa chochote. Hapo ndipo Warumi wenyewe walipoweka chanzo cha tamthilia yao. Ilikuwa imeagizwa, kama tunavyomwita mganga kutoka kijiji cha mbali, na iliagizwa kwa sababu watu walikuwa wanakufa.

Livy haoni haya kuongeza kwamba tiba haikufanya kazi. Mto Tiber ulifurika, ukaujaza maji uwanja wa michezo katikati ya sherehe, na watu wakaingiwa na hofu kwamba miungu imeukataa upatanisho wao. Msomaji wa Mbale hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Usiku wa kuingia tarehe 31 Julai 2022, mwaka wa imbalu, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu na kubomoa nyumba, siku chache kabla ya msimu kufunguliwa. Sidai kwamba Wamasaaba waliyasoma maji yale kama Warumi walivyoyasoma ya Tiber. Ninachotaka kusema ni kwamba mahali ambapo onyesho ni ada, mafuriko ni sehemu ya uhakiki wake, ilhali mahali ambapo onyesho ni burudani mafuriko ni sababu ya kuahirisha tu.

Tangu mwaka 240 K.K., Livius Andronicus alipoonyesha mchezo wenye kisa kamili katika Ludi Romani, sherehe za Jupita, tamthilia ya Kilatini iliishi ndani ya kalenda ya ibada. Plautus na Terence hawakuandikia ukumbi uliofunguliwa kila jioni. Waliandikia siku maalumu za mungu maalumu, kwa fedha za afisa wa mji aitwaye aedili, kwenye majukwaa ya mbao yaliyosimamishwa na kubomolewa. Viti vya miungu viliwekwa mahali pa kuonea mchezo. Hata Pompey alipojenga ukumbi wa kwanza wa mawe wa kudumu mwaka 55 K.K., aliweka hekalu la Venus juu ya ngazi za watazamaji, na Tertullian anamcheka kwamba aliuita mjengo wote hekalu ili asilaumiwe.

Sasa tuangalie hukumu iliyotolewa juu ya michezo hiyo. Katika hotuba moja, Cicero anataja makosa yanayoiharibu ludi: mchezaji akisimama, mpiga zumari akinyamaza ghafla, mtoto anayeshika hatamu za gari takatifu akiziachia, aedili akikosea neno au kikombe cha tambiko. Likitokea mojawapo, michezo haikufanyika sawasawa, kosa lazima lifidiwe, na siku hiyo irudiwe. Mwaka 197 K.K., kwa mujibu wa Livy, Ludi Romani zilirudiwa zote mara tatu, na Ludi Plebeii mara saba. Lily Ross Taylor, katika makala yake ya 1937 juu ya nafasi za kuonyesha michezo enzi za Plautus na Terence, alihesabu marudio haya kuwa nafasi za ziada za kuuonyesha mchezo uleule, na mtu anaweza kushuku kwamba kosa dogo liligunduliwa kwa urahisi pale mchezo ulipowapendeza watu. Huenda. Lakini hata ulaghai huo usingewezekana kama wazo la ubatili lisingekuwapo.

Msomaji wa pwani ataelewa upesi kuliko mhakiki wa Ulaya. Sala inaweza kusaliwa kwa sauti mbaya ikasihi, na inaweza kusaliwa kwa sauti tamu ikabatilika kwa kukosa udhu. Utamu ni jambo moja na usahihi ni jambo jingine. Uhakiki wetu wa sanaa za maonyesho una msamiati mpana wa utamu, ila wa usahihi karibu haupo.

Kisa kinachonivutia zaidi kimehifadhiwa na Festus. Wakati wa vita na Hannibal, mwaka 211 K.K., michezo ya Apolo ilikuwa ikiendelea Roma pale ilipokuja habari kwamba adui amekaribia. Watu wote wakatoka mbio kushika silaha. Waliporudi wakiwa na wasiwasi kwamba ibada imekatika na lazima irudiwe, walimkuta mzee mmoja, mwigizaji wa vichekesho, bado anacheza kwa zumari jukwaani peke yake. Hakuacha. Kwa hiyo mambo yalikuwa salama, na kauli ya furaha waliyoitoa ikawa methali.

Tukipime kisa hiki kwa vigezo vinne. Dhana inayotendeka ipo. Mtendaji yupo, uwanja upo. Watazamaji hawapo hata mmoja, na bado kila Mrumi aliyerudi alikubali kwamba onyesho limefanyika, tena limefanyika kwa ukamilifu. Kigezo cha nne kimeanguka katika mji uleule ambao wanafunzi wetu hufundishwa kuuhesabu miongoni mwa mababu wa tamthilia.

4. Mutoto: kusimama bila kupepesa

Imbalu hufanyika kila mwaka shufwa, na ufunguzi wake hufanyika Mutoto kwa kuwa hapo ndipo mapokeo yanapoweka tohara ya kwanza. Simulizi inayotajwa zaidi humtaja Nabarwa, mwanamke wa watu wenye kutahiri, aliyekataa kuolewa na Mmasaaba asiyetahiriwa. Baada ya Mutoto, sehemu nyingine za Masaaba hufuata. Upande wa Kenya, Wabukusu wa Bungoma nao hufuata miaka shufwa. Kalenda hii haiulizi nani ana nafasi. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoleta katazo la mikusanyiko, tatizo lililowakabili wazee wa Inzu ya Masaaba halikuwa la kuahirisha burudani. Kijana aliyefikia umri wake hawezi kusubiri bila kuwa na deni, na aliye na deni hilo bado ni omusinde, mvulana, hata akiwa na ndevu.

Kwa miezi kadhaa kijana huimba na kucheza isonja. Msimu unapokaribia, huzunguka kwa ndugu wa baba na wa mama akiwa na kengele, shanga na fimbo, nyuma yake ngoma za kadodi, akipewa zawadi na kukumbushwa majina ya waliomtangulia. Hupakwa unga wa kimea cha ulezi, na pombe ya ulezi huiva kwa siku ambazo zimehesabiwa. Kisha husimama. Mgeni anayetoka kwenye kelele za kadodi hushangaa jinsi kilele cha yote hayo kilivyo kifupi na kimya. Kijana amesimama wima, fimbo mabegani, macho mbele, na omukhebi anafanya kazi yake kwa muda usiofika hata dakika chache. Hakuna kuigiza. Damu ni damu.

Hapa ndipo neno “mtazamaji” linaposhindwa kabisa. Suzette Heald, ambaye kitabu chake Controlling Anger cha 1989 ni miongoni mwa maandishi makini kuhusu Wagisu, anaonyesha kwamba wanaomzunguka kijana huukagua uso wake kwa ukali, wakitafuta dalili yoyote ya woga, na kwamba kijana mwenyewe ndiye anayepaswa kutamka kuwa anaitaka imbalu. Watu hao wana kazi ya kufanya. Bila wao, tohara ni upasuaji, na hospitali yoyote ya Mbale inaweza kuifanya vizuri zaidi. Wao ndio watakaosema kesho, na miaka thelathini baadaye, kwamba fulani alisimama. Kiswahili kina jina la mtu wa namna hiyo, na si mtazamaji. Arusi inaweza kukosa watazamaji, lakini ndoa ikikosa mashahidi haijafungwa.

Ulinganisho na Roma una mipaka, na afadhali niitaje kabla sijasahihishwa. Mwigizaji wa Kirumi kwa kawaida alikuwa mtumwa au mtumwa aliyeachwa huru. Raia aliyepanda jukwaani kwa malipo alipoteza heshima yake kisheria. Alicheza kwa niaba ya mji, na mji ukamdharau kwa kucheza. Kijana wa Mutoto hutenda kwa niaba yake na ukoo wake, na tendo hilo humpandisha: aliyeingia omusinde anatoka omusani. Hivyo basi, ukitafuta mwenzake kijana huyu katika ludi, usimtafute kwa Plautus. Mtafute kwa yule mtoto anayeshika hatamu za gari takatifu, ambaye hana mistari ya kusema na ambaye mkono wake ukilegea kazi yote inarudiwa.

Jambo ambalo Roma na Mbale wanashirikiana kabisa ni fedha. Aedili alipewa fungu na dola, akaongeza lake, kwa sababu michezo mizuri ilileta kura. Gharama zilipanda hivi kwamba mwaka 179 K.K. Seneti iliweka kikomo, ikitaja jinsi michezo ya afisa mmoja ilivyowaelemea washirika na majimbo. Mutoto nayo ina wafadhili, na sina ugomvi na ufadhili kama ufadhili. Ngoma yoyote ina mwenye kuilisha. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa uwanja. Mwaka nilioutaja hapo juu, jukwaa la kampuni moja lilikuwa na vipaza sauti vilivyofunika kadodi, na vijana waliokuwa wakiingia walilazimika kupita pembeni mwake. Terence aliwahi kulalamika kwamba onyesho la kwanza la Hecyra, mwaka 165 K.K., lilivurugika kwa sababu watu walivutiwa na mabondia na mcheza kamba. Lakini Terence alipoteza mchezo tu, akauonyesha tena baadaye. Kijana akiyumbishwa dakika ile, hatapewa nafasi ya pili.

Kadodi yenyewe imeshatoka. Husikika kwenye arusi za Kampala, kwenye kampeni za uchaguzi na kwenye matangazo ya bidhaa, katika miaka shufwa na witiri pia. Wapo wazee wanaonung’unika, na wapo vijana wanaopata riziki. Mimi siungi mkono katazo. Mdundo uliotoka hauwezi kurudishwa nyumbani kwa amri, na wapigaji wana watoto wa kusomesha. Ninachoomba ni kwamba mhakiki anayeiandika kadodi ya arusini asidhani ameiandika imbalu.

5. Bigwala: wakati mwenye deni alipoondolewa

Nikirudi nyumbani Busoga, nakutana na hali iliyo kinyume. Bigwala ni mapembe ya vibuyu, yanayounganishwa kwa vipande na kupulizwa kwa kundi. Kila pembe lina sauti moja tu. Wimbo hupatikana pale wapulizaji, watano au zaidi, wanapopokezana sauti zao huku wakizunguka ngoma na kuyumbisha viuno. Mtu mmoja hawezi kupiga bigwala, kama ambavyo mtu mmoja hawezi kubishana.

Muziki huu ulikuwa wa ufalme: wa kutawazwa na wa kuzika. Katiba ya 1967 ilipofuta falme za Uganda, hakuna aliyeipiga marufuku bigwala. Kilichofutwa ni sababu yake. Hapakuwa na Kyabazinga wa kutawazwa, na kwa hiyo hapakuwa na anayedaiwa wala anayedai. Cheo hicho kiliporudishwa mwaka 1995, karibu miongo mitatu ilikuwa imepita, na UNESCO ilipoiandikisha bigwala mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, maelezo ya Uganda yalitaja mafundi wazee wanne tu waliobaki. Kyabazinga Henry Wako Muloki alifariki mwaka 2008. Mzozo wa urithi ukachukua miaka sita, hadi Gabula Nadiope IV alipotawazwa mwaka 2014. Hii ndiyo kalenda halisi ya bigwala. Haina Agosti wala Desemba, bali husubiri kifo na kiti.

Wahakiki wengi wa hali hii husema kwamba sanaa ilikufa kwa kuwa vijana waliipuuza wakapenda muziki wa kigeni. Nadhani wanakosea mpangilio wa mambo. Upuuzi wa vijana ulikuja baadaye. Kwanza ilikatwa ada, kisha wazee wakakosa sababu ya kuwakusanya watano, na mpulizaji wa sauti moja akabaki na pembe lisilo na wimbo. Kama tunaamini kwamba sanaa hufa kwa kukosa watazamaji, tutatafuta watazamaji: tutaandaa siku ya utamaduni, tutajenga jukwaa, tutachapa fulana. Kama tunaamini kwamba ilikufa kwa kukosa wenye deni, tutauliza ni nani leo anawiwa bigwala, na jibu litatupeleka Bugembe kwenye makao ya ufalme na kwenye vijiji vya wapulizaji kabla ya kutupeleka hotelini.

Haki itendeke: mafunzo ya vijana yaliyofuata uandikishaji wa 2012 yalihitaji maonyesho ya mara kwa mara, na siku hizi bigwala hupigwa kwenye hafla za kawaida pia. Bila hayo tusingekuwa na cha kujadili. Nimewahi kuketi kwenye zoezi moja la vijana kaskazini mwa Buwenge. Mpulizaji mmoja alichelewa, na mwalimu hakukubali waanze na pengo. Tulisubiri karibu saa nzima chini ya mwembe, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi, mtazamaji.

6. Neno, na fomu ya serikali

Kilatini kiliita haya yote ludus, mchezo, neno lilelile la mchezo wa mtoto na hata la shule. Kiswahili kinafanana nacho kwa namna ya kushangaza: mchezo ni wa mpira, ni wa kuigiza, na ni wa mtoto mavumbini. Lakini Kiswahili kina neno jingine lenye kina zaidi, nalo ni ngoma. Ngoma ni ala, ni uchezaji, ni kikao cha pepo, na kijana aliye jandoni husemwa ameingia ngomani. Ngoma ina mwenyewe. Huulizwa: hii ngoma ya nani?

Tamasha ni neno la asili nyingine. Lilitufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, likiwa na maana ya kitu cha kutazamwa, na maana hiyo haijaliacha. Tamasha lina mwandaaji, mdhamini, tiketi na tarehe inayoweza kusogezwa ili ikutane na msimu wa watalii. Hakuna ubaya wowote katika tamasha. Lakini ofisa anayeandika “tamasha la imbalu” katika mpango wa wilaya amekwisha kuamua, pengine bila kujua, kwamba wa kushauriwa kwanza ni mwandaaji, na kwamba wazee wa ukoo ni sehemu ya burudani. Nimeona mapendekezo yanayotaka imbalu iwe ya kila mwaka ili mahoteli yasikose wageni katika miaka witiri. Pendekezo kama hilo linawezekana tu ndani ya neno tamasha. Ndani ya neno ngoma haliwezi hata kutamkwa, maana swali la kwanza lingekuwa: kwa deni la nani?

Upo mfano wa kale wa sera ya namna hii. Mwaka 399 B.K., mfalme Honorius, aliyekuwa Mkristo, aliamuru kwamba tambiko zikomeshwe lakini watu waachiwe sherehe zao za furaha kama desturi ya zamani. Kwa mtawala ilikuwa njia ya busara: ondoa madhabahu, bakiza michezo. Tertullian, aliyeichukia michezo hiyo miaka karibu 200 kabla yake, asingekubali, kwani aliona kwamba chanzo, majina, mahali na taratibu za ludi vyote vilikuwa ibada. Ni jambo la kutafakarisha kwamba adui wa ada aliielewa kuliko mfadhili wake. Wahubiri wa Mbale wanaowaambia waumini wao wapeleke wavulana hospitalini bila ngoma wanaichukulia imbalu kwa uzito kuliko bango linalowaalika watu wote waje wafurahi. Sikubaliani nao, lakini tunazungumza juu ya kitu kimoja.

Suala la afya nisilikwepe, maana washauri wa sera huliweka mbele, na wana haki. Tangu UKIMWI ulipoingia, kisu kimoja kwa kila kijana kimekuwa sharti, na ada haikubatilika. Hili linafundisha kitu ambacho hoja ya “utamaduni dhidi ya afya” haikioni: wazee wenyewe wanajua kipi katika imbalu kinabadilika na kipi hakibadiliki, na kisu kimo katika vinavyobadilika. Kusimama mbele ya mashahidi hakumo. Mganga wa wilaya anayeingia kwenye mazungumzo akijua tofauti hiyo atapata mengi. Anayeingia akidhani anazungumza na waandaaji wa tamasha atapewa kiti cha mbele, soda, na hakuna kitakachobadilika.

Pendekezo langu ni dogo na linahusu karatasi. Fomu za kuorodhesha urithi, zitakapotafsiriwa kwa Kiswahili kwa matumizi ya wilaya zetu, zisiwe na safu moja ya “watazamaji”. Ziwe na safu ya mwenye ngoma, ya anayewiwa, ya mashahidi, na ya watazamaji ikiwa wapo. Ziwe pia na safu inayouliza ni kosa gani hulibatilisha tendo na hufidiwaje. Nimeijaribu safu hiyo ya mwisho katika mahojiano machache, Buwenge na Mbale. Kwa swali la nini hupendeza katika ngoma yao, wazee walinijibu kwa sentensi moja. Kwa swali la nini huibatilisha, ilibidi nirudi siku ya pili.